Mzee wa Ukutani Amegeuka

Jumatatu, 2 Mei 1988

Wanakuja! Janine wa makumbusho kanipigia simu kabla sijamaliza kahawa. Michoro minne ya wazee wetu. Michoro yenyewe, si chapa, si picha ya picha — ile iliyochorwa kwa mkono mwaka 1806, wazee wa kabila letu walipokwenda Washington kumwona rais wa wazungu. Jumba moja kule mashariki limekubali kutuazima kwa kuwa makumbusho yetu yanatimiza miaka hamsini. Itafika Juni, itundikwe wakati wa ngoma.

Na mmoja kati ya hiyo minne ni Mzee wa Ukutani, yule wa chapa ya sebuleni kwa wifi!

Nikatoka mbio kwenda kwa wifi Leota. Ana miaka themanini na mmoja, lakini aliposikia alisimama bila fimbo. Halafu akakaa, akalia kidogo, akaniuliza kwa nini nimekuja na ndala kama naenda kuoga.

Wifi ni dada wa marehemu Everett wangu. Ndugu zao wote wamekwisha, kabaki yeye. Hapohapo akatangaza: mwaka huu tunatoa. Jumamosi ya ngoma utapigwa wimbo wa familia, tutasimama tucheze, tutagawa mablanketi kwa jina la Mzee. Wilaya zetu zote tatu, Pawhuska yote, Hominy yote, Grayhorse yote, waone alitoka kwa nani. Nikifa Julai sijali, anasema.

Mimi nimepewa kazi yangu. Nishone koti kama la Mzee, kifungo kwa kifungo, litundikwe kando ya mchoro. Siku hamsini na mbili. Sufu ya buluu sina, nyuzi za dhahabu sina, na macho nayo siku hizi nayaazima kwa miwani. Lakini nina furaha kama nimelipwa!

Jumatano, 4 Mei

Kutwa kwa wifi. Nimenakili koti kwenye karatasi ya mafuta, nimeibandika juu ya kioo cha fremu. Fremu yenyewe haitoki nyumbani, wifi kakataa. Nikaifanyia kazi pale pale ukutani, juu ya televisheni, nimesimama kwenye kigoda, yeye chini ananishika sketi nisianguke na kunisema nimenenepa.

Mzee huyu nimemtazama miaka arobaini na mitatu, tangu niolewe. Ni chapa ndogo, haizidi kiganja. Uso wa upande, anatazama mlango. Kichwa kimenyolewa, kimeachwa kishungi, na kwenye kishungi unyoya mmoja wa tai, upande wa kushoto. Kabila letu lina nusu mbili, Mbingu na Ardhi, na unyoya kushoto ni mtu wa Mbingu. Ungekuwa kulia, angekuwa wa Ardhi. Mtoto wa miaka mitatu analijua hilo. Chini wameandika jina, lakini mchoraji aliliandika kwa kusikia tu, herufi zinatambaa kama siafu, hakuna mtu aliye hai anayeweza kulitamka. Kwa hiyo tunamjua kwa unyoya wake.

Na koti. Hapa ndipo kichekesho cha familia kilipo. Vifungo viko upande wa kike! Kila mtu wa hapa anajua, makoti ya kijeshi waliyopewa wazee kule Washington yaliwabana mabega, wazee wetu walikuwa warefu mno, wakawapa mabinti zao wakaolewa nayo. Ndiyo maana hadi leo bibi harusi wetu huvaa koti la askari. Basi ukoo wa Everett husimulia kwamba Mzee alishampa binti koti, akaitwa kuchorwa, akaona haya kwenda bila koti, akaazima tena lile la binti yake, la bibi harusi! Wifi akilisimulia hilo hucheka mpaka anakohoa. Makoti yote niliyowashonea mabinti wa familia hii, vifungo nimeviweka kama vya Mzee.

Yupo mtu mmoja tu asiyecheka. Wendell wa Grayhorse. Mtu wa Ardhi, kama baba yangu. Tangu ujana wake anasema bibi yake alimwambia Mzee yule ni wao. Wifi humjibu kwa swali moja tu: unyoya uko wapi? Wendell hunyamaza, anavaa kofia, anaondoka. Mwaka jana kwenye mazishi walirudia tena, mbele ya padri.

Jumanne, 10 Mei

Sijui niandike vipi.

Asubuhi nimetandaza karatasi mezani nianze kukata. Nikaiweka kinyume. Kosa la mwanafunzi — mimi, ambaye kazi ya kukata na kushona mapambo ya riboni nimeifanya tangu nikiwa na miaka tisa! Riboni ni kukunja. Unakata upande mmoja, unageuza karatasi, upande wa pili unazaliwa. Mikono yangu inageuza hata bila kuniuliza.

Basi karatasi iko kinyume, na mimi natazama, na koti limekaa vizuri. Vizuri kabisa. Vifungo upande wa kiume. Ukosi umelala kama ukosi wa askari unavyolala. Koti la kiume la kawaida, halina kichekesho chochote.

Nikaigeuza, likawa la kike. Nikaigeuza, la kiume.

Kisha nikakumbuka unyoya. Nikakaa chini.

Kama chapa imegeuzwa, basi kila kitu kimegeuzwa. Unyoya uko kulia. Mzee ni wa Ardhi. Mzee ni wa Wendell!

Jumatano, 11 Mei

Sijashona. Nimepika supu ya mahindi, imeungua.

Kwa nini liwe kwangu? Mimi ni binti wa Ardhi kwa baba. Nikifungua mdomo watasema: yule mke wa Everett, kakaa kwetu miaka yote, sasa anawabebea ndugu zake babu yetu.

Ijumaa, 13 Mei

Nimekwenda makumbusho nikijifanya nataka kuona rangi za riboni za zamani. Nikamuuliza Janine kwa mbali: hivi chapa hutengenezwaje? Akafurahi, hakuna mtu anayemuuliza chochote isipokuwa choo kiko wapi. Fundi huchora juu ya bamba la shaba akiutazama mchoro, akapaka wino, akabandika karatasi. Picha ikitoka imegeuka — kulia imekuwa kushoto. Mafundi wengine walijisumbua kuchora kinyume kwenye bamba ili itoke sawa. Wengine hawakujisumbua. Wateja wa mjini wangejuaje?

Nikamuuliza, na yule wetu? Akasema hatujui mpaka kasha la michoro lifike, lifunguliwe.

Hatujui! Neno tamu hilo. Nimerudi nalo nyumbani kama peremende mdomoni. Labda Mzee alivaa koti kinyume. Labda fundi wa Washington alikuwa na mkono wa kushoto. Nimeshona ukosi wote leo.

Jumapili, 22 Mei

Baada ya kanisa, kwa wifi. Nilikwenda nimeazimia. Nimeyapanga maneno tangu wimbo wa kwanza, mahubiri hata sikuyasikia.

Akanipeleka chumbani. Kitandani mablanketi kumi na mawili ya sufu, yamekunjwa, yamepangwa, na juu kabisa moja la buluu lenye mistari myekundu na myeupe, zuri hata nikaogopa kuligusa. La nani hili? Hajui bado, anasema. Hilo linasubiri mtu wake. Kisha akakaa kando ya mablanketi na kuniambia jambo ambalo hajawahi kuniambia. Mama yake alipofariki yeye alikuwa na miaka sita, na mwili wa mama ulilazwa sebuleni chini ya Mzee. Watu wanaingia, wanatoka, hakuna aliyemtazama mtoto. Ila Mzee ana jicho lile. Alinitazama yeye, anasema.

Ungesema nini hapo? Nimesema chai imepoa.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Najua. Najua!

Jumamosi, 4 Juni

Ngoma za Grayhorse; zetu za Pawhuska ni mwisho wa mwezi. Joto. Nimekaa na binamu zangu upande wa mashariki. Vumbi, kengele miguuni mwa wachezaji, ngoma katikati ikipiga hadi unaisikia kwenye meno. Sijawahi kuichoka na sitaichoka.

Wendell alinijia wakati wa chakula na sahani yake ya nyama. Ana miaka sabini na tisa, mrefu kama mlango, hajapinda. Dada, akaniita — huwa ananiita hivyo, sisi sote ni wa Ardhi — wifi yako bado ana babu yangu juu ya televisheni? Nikamwambia aache uchokozi, ale. Akala. Halafu, bila utani, akasema nyumba yao iliungua mwaka 1931. Picha zote zilikwenda. Hana uso wa mtu yeyote aliyemtangulia — hata wa baba yake. Akinyoa asubuhi, anasema, huo ndio uso wa familia yote uliobaki, na huo nao unaharibika.

Hataki ugomvi. Anataka kumwona Mzee mara moja, kabla ya watu kujaa. Wifi asijue. Je, nitamsemea kwa Janine?

Nikasema nitamsemea. Nimemchukia mtu huyu kwa niaba ya wifi tangu mwaka 1945 na sikuwahi hata siku moja kumtazama usoni.

Nimetazama leo. Pua. Ee Mungu wangu, ile pua ya Mzee!

Jumatatu, 13 Juni

Kasha limefunguliwa.

Wifi alikataa kusubiri ufunguzi wa maonyesho. Alivaa vizuri, sketi yenye riboni niliyomshonea mwaka 1970, na viatu vya kanisani.

Janine alivaa glovu nyeupe. Akatoa wa kwanza, kijana. Wa pili, mzee mwenye kovu. Wa tatu — hapo wifi alinishika kiwiko, kucha zikaingia.

Niseme kwanza nilichokiona, maana sitaki kikae chini ya mambo mengine.

Ni mkubwa! Uso wa ukubwa wa mtu hasa. Chaki nyeusi na nyeupe juu ya karatasi ya rangi ya waridi iliyofifia, na ile rangi ya karatasi ndiyo ngozi yake. Mstari mmoja kutoka paji la uso mpaka ncha ya pua, mkono haukuinuliwa. Sikio lina matundu pembeni, na kila tundu lina kivuli chake. Chini ya jicho mkunjo mdogo, wa mtu aliyechoka na safari lakini hatasema. Kwenye chapa ana ukali. Hapa hana. Hapa anafikiri. Na koti! Limembana kweli, begani kitambaa kimevutika, mishono inalia — mchoraji ameiona mishono, ameichora mmoja mmoja. Nimeshona maisha yangu yote na sijawahi kuona mtu asiyeshona akaheshimu mshono namna ile. Huyo mchoraji hakujua lugha yetu. Hakujua unyoya ule unasema nini. Lakini aliutazama na akauweka ulipo, kila unywele wake.

Ulipo ni kulia.

Mzee anatazama upande mwingine. Vifungo vya kiume. Unyoya kulia.

Janine, msichana mwerevu, akajifanya anatafuta karatasi na kutoka. Wifi akasema, amegeuka. Akasema, miaka yote anatazama mlango wangu, kumbe alikuwa ananipa kisogo. Nikamletea kiti. Hakukaa.

Kisha akanigeukia. Ulijua?

Nikasema ndiyo.

Tangu lini?

Tangu tarehe kumi ya Mei, karatasi ya koti iliponigeukia mezani.

Na ukaniacha ninunue mablanketi, akasema. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Nilimrudisha kwake na gari, maili mbili. Alishuka bila kushika mkono wangu.

Jumanne, 14 Juni

Hapokei simu.

Jumatano, 15 Juni

Hapokei. Nimepita kwake. Pazia limefungwa, televisheni inasikika. Nimeacha mkate mlangoni. Nilipopita tena saa kumi mkate ulikuwa umechukuliwa. Basi yuko hai, na ana njaa, na hataki kuniona.

Alhamisi, 16 Juni

Saa moja asubuhi simu. Hakusalimu. Njoo, ulete ile karatasi yako ya kugeuzageuza!

Nikaenda mbio, na viatu kamili safari hii. Sebuleni Mzee wa Ukutani yuko mezani, ameshushwa. Ukutani kumebaki alama ya mraba iliyokoza. Wifi hajachana nywele. Macho mekundu, lakini yanawaka.

Akaniuliza kama wakili. Koti lilimbana? Lilimbana. Wazee yakiwabana walimpa nani? Binti. Mtu wa Ardhi humwoza binti kwa nani? Kwa Mbingu, enzi zile hakukuwa na kuchagua. Na hii chapa ilikuwa kwa nani? Kwenu, wifi. Imefikaje kwetu — ilitembea?

Halafu akapiga meza. Ililetwa na bibi harusi! Kwenye mfuko wa koti lake! Hatukumwiba babu wa mtu. Alikuja kwetu na binti yake. Huyu ni babu mzaa mama!

Nikamwambia, wifi, unakijua hicho au umekitunga jana? Akanitazama kwa dharau kubwa. Akasema, nina miaka themanini na mmoja, nikisema jambo ni historia.

Tukacheka. Akacheka mpaka akakohoa, mimi nikacheka mpaka nikalia, na katikati ya kulia nikamwomba msamaha. Akasema amenikasirikia siku tatu na zinatosha, mtu wa umri wake hana siku za kupoteza. Ila akasema jambo moja, bila kucheka. Usinifiche tena kitu kwa kunihurumia. Kunihurumia ni kunizika.

Nimelistahili.

Kisha akaniambia kile alichokuwa amekipika siku tatu. Kama Mzee ni mzaa mama, wanaume wote wa ukoo wake ni wajomba zetu. Hivyo ndivyo sisi tunavyohesabu, na umri si kitu, hata mtoto mchanga wa ukoo wa mama ni mjomba. Kwa hiyo Wendell — nikafunga mdomo kwa mkono. Wendell, miaka sabini na tisa, ni mjomba wake!

Na wimbo wa Mzee hauchezwi bila mjomba kusimama.

Akachukua lile blanketi la buluu. Umpelekee, akasema. Umwambie ni la mjomba wangu. Usiongeze neno.

Ijumaa, 17 Juni

Grayhorse na pikapu. Wendell alikuwa kwenye baraza anamenya maharage. Nikampa blanketi kwa mikono miwili, nikasema nilichotumwa, sikuongeza. Ilikuwa kazi ngumu.

Alilipokea. Akalipapasa. Akaliweka kwenye kiti cha pili, taratibu, kama limelala. Akaniuliza, neno lake ni hilohilo, mjomba? Nikasema hilohilo.

Alichosema ni: miaka hamsini ananiita mwongo mbele za watu. Sasa unyoya umehamia kulia, mimi ni mjomba.

Yuko sahihi! Wifi amegeuza meza kwa ustadi, nimemsifu, lakini wa kwanza kusema kweli ni huyu, na hakuna aliyemwambia pole. Hata kwenye blanketi hakuna pole.

Akaokota bakuli lake. Mwambie nimesikia, akasema.

Nilimweleza wifi kila kitu, pamoja na la mwongo. Sifichi tena. Akasema, nimesikia, kwa sauti ileile ya Wendell, lakini si kwa kejeli.

Jumatatu, 20 Juni

Koti limekwisha! Vifungo upande wa kiume. Mkono ulikataa, ilibidi niukemee. Riboni nyekundu, njano na buluu pembeni. Si kwamba la Mzee lilikuwa nazo — ila nimefikiri la bibi harusi lilipata riboni baadaye, basi hili liko katikati ya safari, kutoka kwa baba kwenda kwa binti. Wifi amelipapasa ndani nje kutafuta kosa. Akasema liko sawa, ambayo kwake ni sifa kubwa.

Janine ameniambia Wendell alikuja Jumamosi asubuhi, kama nilivyomwombea. Alivua kofia. Alikaa mbele ya Mzee saa nzima. Janine alimpelekea maji, hakuyanywa. Alipotoka alisema kitu kimoja tu: alichorwa na mtu mwenye adabu.

Kuhusu wimbo wa Jumamosi ijayo hakusema lolote.

Alhamisi, 23 Juni

Ufunguzi. Watu hawapiti mlangoni! Watoto wamebebwa mabegani waone. Mabibi wanasogeza pua mpaka kwenye kioo, Janine anafuta, wanasogeza tena. Nimewasikia wawili wakibishana sikio la nani limerithiwa na nani. Wanaume wazima wanasimama mbele ya wazee wale wanne, bila kujijua wananyoosha migongo. Mimi nimesimama kando ya koti langu na kujifanya sisikilizi.

Wifi alikuwa kwenye kiti mbele ya Mzee. Mtu akimuuliza, huyu si ndiye wenu wa Mbingu?, anajibu kwa sauti safi: unyoya uko kulia, nilikosea mimi, ni wa Ardhi, wa kina Wendell. Amelisema mara ngapi leo? Mara arobaini. Kila mara lilimgharimu, niliona kwenye shingo. Hakulisema la mzaa mama hata mara moja. Nilimuuliza kwa nini. Akasema hilo si langu kulitangaza mpaka mjomba akubali.

Wifi huyu! Nimeishi naye karibu nusu karne na bado sijamfikia mwisho wake.

Wendell hakuja.

Jumamosi, 25 Juni

Saa moja na nusu jioni. Mapumziko kati ya ngoma ya mchana na ya jioni. Naandika kambini, kwenye kiti cha turubai, daftari pajani. Wapishi wametulisha nyama na mchuzi, mkate wa kukaanga, na madonge ya unga yaliyochemshwa kwa zabibu. Sikuweza kula. Wifi amekula sahani mbili.

Mambo yako hivi. Mkuu wa waimbaji alimtuma mtu adhuhuri: wimbo wenu ni wa nne jioni hii, nani anasimama? Wifi akajibu: tutasimama sisi na wajomba zetu. Mbele ya watu! Nikamwambia, wifi, mtu hajajibu. Akasema hajakataa. Nikamwambia asiposimama je? Utakuwa katikati ya uwanja na mablanketi kumi na moja, na uwanja wote unamtazama Wendell amekaa kwenye benchi lake. Akasema basi watanitazama na mimi nimesimama, na nitakuwa nimestahili, yeye alistahimili miaka hamsini.

Kisha akaniomba nimsaidie kukumbuka maneno. Ana maneno ya kumwambia Wendell kwenye kipaza sauti kabla ya wimbo. Ni machache. La kwanza ni pole. Ameyasema mara tatu mbele yangu, na mara zote tatu sauti imekatikia pale pale.

Watu wameanza kufunga kengele. Jua limeshuka nyuma ya miti ya kambi.

Wendell!

Anakuja kwa mguu kutoka kambi za upande wa pili. Miaka yote ya ngoma hajawahi kukanyaga nyasi hizi. Kofia kichwani. Kwapani ana blanketi lililokunjwa. Jua liko nyuma yake, rangi siioni. Kama ni la buluu anarudisha. Sijawahi kuona mtu wetu akirudisha blanketi, lakini Wendell ni Wendell. Kama si la buluu, basi kaja kutoa lake — 

Amesimama kwa wapishi. Hacheki. Anauliza kwa sauti kila mtu asikie: yuko wapi yule mwanamke anayejiita mpwa wangu?

Wapishi wote wananyoosha vidole huku. Na wifi yangu, aliyekuwa anatafuna mkate sasa hivi, amefumba macho, anajifanya kalala. Midomo inacheza, anarudia lile neno la kwanza. Na mkono wake, taratibu, unauondoa mkoba wangu kwenye kiti kilicho kando yake.